Kali ya Ijumaa

Waziri alisimama mbele ya kamera, akatabasamu, na mtambo mpya ukamtambua kuwa ni marehemu Bibi Sarudzai Mhembere wa Chivi, mwenye umri wa miaka sabini na minne, anayestahili magunia mawili ya mbolea.

Hayo yalitokea mchana kweupe, mbele ya mabalozi na bendi ya polisi, televisheni ikirusha moja kwa moja. Mtambo ulinunuliwa ili mkulima asisumbuliwe tena na vitambulisho. Aoneshe uso tu, apewe mbegu na mbolea yake, aende zake. Waziri akang'ang'ania kuwa wa kwanza kuonesha uso. Skrini kubwa ikaandika jina la marehemu, kisha ikaongeza kwa herufi za kijani: KARIBU BIBI. Bendi haikuwa imeambiwa ifanye nini jambo kama hilo likitokea, kwa hiyo ikapiga wimbo.

Kule Chitungwiza, mji ulio kando ya mji mkuu, katika chumba cha walimu wa shule moja ya serikali, mwalimu wa jiografia aitwaye Zivanai Gwatidzo alikuwa akisahihisha madaftari ya kidato cha pili. Aliposikia wenzake wakiangua kicheko mbele ya televisheni aliweka kalamu chini, akachukua simu, akajigeuza kuelekea ukutani. Wenzake walidhani anawasiliana na hawara. Laiti ingekuwa hivyo.

Kulikuwa na gazeti la mtandaoni liitwalo Mhere. Habari zake hazikusomwa na watu wengi. Watu walisoma kichwa cha habari, wakateremka moja kwa moja hadi chini, kwenye maoni ya wasomaji, na huko ndiko nchi nzima ilikokuwa ikiishi. Walimcheka gavana wa benki kuu, wakamcheka mkuu wa shirika la umeme, wakaicheka setilaiti ya taifa iliyopotea angani na askofu aliyeibariki. Kila Ijumaa mhariri alichagua maoni yaliyouma kuliko yote, akayaweka juu kabisa pamoja na picha ya pilipili nyekundu. Hiyo ndiyo iliitwa Kali ya Ijumaa. Hapakuwa na zawadi, hata vocha ya simu hapakuwa. Zivanai angekubali kukatwa kidole aipate.

Huko alijulikana kwa jina la Mugoti, ule mwiko mkubwa wa kusongea sadza, ugali wa kwao. Kwa miaka mitano Mugoti alikuwa amewasonga mawaziri, wabunge, mameya na wake zao, na hakuna mtu shuleni aliyejua kuwa ndiye huyu mwalimu mpole mwenye tai ya kahawia. Nyumbani alijua mkewe Enesi. Na alijua Jekoniya, kwa sababu Jekoniya alijua kila kitu chake.

Maoni yalikuwa yameshaanza kumiminika.

"Mtambo haujakosea," mmoja aliandika. "Huyu alikufa zamani, kinachotembea ni mshahara."

"Hatimaye serikali imenunua mashine inayosema kweli. Itazimwa kesho."

"Mbolea atachukua yeye au warithi?"

Zivanai akaandika upesi: "Mimi nilimfahamu marehemu Bibi Sarudzai. Hawafanani. Yeye alikuwa akiahidi kitu anafanya." Akatuma, akasubiri. Vicheko vikaanza kuhesabika pembeni mwa jina lake, na moyo wake ukatulia. Kisha akatokea Bibi wa Mbare, ambaye hakuna aliyejua kama ni bibi kweli au ni kijana wa benki, akaandika sentensi mbili tu: "Familia ya Bibi Sarudzai, poleni kwa mara ya pili. Marehemu wenu hakustahili tusi hili."

Basi. Nchi nzima ikaangukia huko. Ijumaa ilipofika pilipili ilikuwa ya Bibi wa Mbare, kama ilivyokuwa Ijumaa iliyotangulia na ile ya kabla yake. Zivanai aliisoma akiwa chooni, roho ikamuuma kama mtu aliyeibiwa.

Jumamosi mchana Jekoniya Murambiwa alimwita wakale nyama ya kuchoma nyuma ya duka la bia, mahali pao pa siku zote. Jekoniya alikuwa fundi mkuu wa kompyuta wizarani, na ule mtambo ulikuwa mikononi mwake. Pia alikuwa mtani wake. Wenyewe husema sahwira. Ni utani wa kurithi: babu Gwatidzo alimzika babu Murambiwa, na baba wa huyu akamzika baba wa yule, kwa matusi na vichekesho, kama inavyotakiwa. Mtani anaweza kukuvua kofia mbele ya wakwe, anaweza kufunua chungu chako na kula, anaweza kukwambia mbele ya watu lile ambalo ndugu zako wanalinong'ona. Nawe hukasiriki. Ukikasirika, wewe ndiye mkosefu.

"Nyani wewe," Zivanai alimsalimu, kwa kuwa ukoo wa Jekoniya huapa kwa nyani. "Umemuua waziri mzima halafu unakuja kula nyama?"

"Simba wa kufugwa, kaa. Geuza nyama kwanza ndipo ungurume."

"Hebu niambie. Ilikuwaje?"

Jekoniya alifuta mikono. "Uso wake haukuwamo kabisa. Wiki nzima nimeomba aje apigwe picha, nikaambiwa mheshimiwa hana nafasi. Sasa mtambo usipomjua mtu unamtafutia anayemkaribia. Aliyemkaribia ni yule bibi."

"Na marehemu anatafuta nini kwenye orodha ya mbolea?"

"Hapo ndipo penyewe." Jekoniya alishusha sauti. "Wamejaa. Wilaya nzima nzima za wafu, na kila msimu wanachukua mbolea. Nani anawapokelea? Niliandika nikaomba wafutwe. Nikajibiwa niwaache marehemu wapumzike. Jibu lilitoka kwa waziri mwenyewe."

"Ala."

"Kamati inaundwa. Nikipewa nafasi nitasema yote, na nina kila kitu. Wakinisikiliza anaondoka yeye. Wasiponisikiliza naondoka mimi, na nyumba ni ya wizara, na Anesu ndiyo kwanza ameanza kidato cha kwanza." Alikunywa kidogo. Kisha uso wake ukabadilika, kile kicheko chake cha utotoni kikaanza kumtoka puani. "Halafu kuna jambo jingine. Usicheke."

"Sicheki."

"Mama alinitumia vijiwe."

Mama yake Jekoniya alikuwa muumini wa lile kanisa la kanzu nyeupe linalosali mlimani. Nabii wao huombea vijiwe vya mtoni, nawe ukavitia kwenye maji ya kunywa au ukaviweka karibu na kitu unachokihofia. Watu wazima wenye magari huviweka chini ya kiti na hawasemi.

"Wewe. Na shahada yako," Zivanai alisema.

"Mimi na shahada yangu. Nikavipanga juu ya kabati la mitambo, vizuri kabisa. Mama angeniuliza kama nimeviweka, na mimi sijui kumdanganya mama. Sasa ona. Mtambo ukafufua mtu."

Walicheka mpaka muuza nyama akageuka. Zivanai alicheka kwa machozi, na katikati ya kile kicheko, Mungu anamwona, alikuwa ameshaanza kulipunguza lile jambo maneno ili litoshe kwenye simu.

Aliporudi nyumbani alimsomea Enesi alivyoliandika. Enesi alikuwa akichambua mboga. Hakucheka.

"Hilo ni la Jekoniya," alisema.

"Sijamtaja jina."

"Ule mtambo una mafundi wakuu wangapi?"

"Enesi, huyu ni mtani wangu. Nikilisema hili kwao, mama yake mwenyewe atanitilia nyama zaidi."

"Kwao wanakujua wewe ni nani kwake. Huko unakolipeleka hawakujui. Huko ni neno tu."

"Mtani hakasirikiwi."

"Sikusema atakasirika," Enesi alisema, akaendelea na mboga zake.

Siku chache alikaa nalo. Nasema haya kwa sababu wapo wanaomtetea kwamba lilimponyoka. Halikumponyoka. Alilinoa. Alilisoma kwa sauti bafuni, akabadilisha neno, akalirudisha. Jumatano Mhere wakatangaza kwamba kamati imeundwa, itamhoji fundi mkuu, na chini ya habari hiyo Mugoti akaandika:

"Nina habari za ndani. Fundi mkuu aliweka vijiwe vya nabii juu ya mtambo. Kwa hiyo msiulize programu ni toleo la ngapi, ulizeni ni ya mlima gani. Wala msiseme kazi imemshinda. Mliagiza mashine ya kutambua wakulima, amewapa ya kufufua wafu kwa bei ileile."

Nchi ilichizika. Watu walipiga picha za vijiwe juu ya redio mbovu, juu ya sufuria, juu ya waume waliolala. "Simu yangu haishiki mtandao, nabii anafungua saa ngapi?" mmoja aliuliza. Mwingine akasema ameweka kijiwe juu ya mita ya umeme, na shirika limekuja kukikata kijiwe. Bibi wa Mbare mwenyewe akaandika: "Mugoti, leo nakuvulia kilemba." Zivanai aliyasoma maneno hayo mara nyingi kuliko barua za uchumba za Enesi. Ijumaa pilipili ikawa yake.

Jioni hiyo simu ililia. Ni Jekoniya, anacheka.

"Nyani anakupigia."

"Nyani ana simu siku hizi?"

"Umeniua, wewe simba kikongwe. Umeniua kabisa. Ofisi nzima wananiuliza mlima gani."

"Waambie mlima wowote wenye mtandao."

Jekoniya alicheka tena. Kucheka kulikuwa wajibu wake, na aliutimiza. Zivanai alikijua kicheko cha mtu huyu tangu wakiwa wavulana wachunga mbuzi, angeweza kusikia kilipokatika. Lakini alikuwa ameiweka simu kwenye spika ili aendelee kuangalia idadi ya vicheko, ikawa hasikii vizuri.

Wiki iliyofuata waziri alisimama bungeni. Alikuja kuulizwa juu ya marehemu wanaokula mbolea. Alisimama akiwa ametulia, mkono mmoja mfukoni.

"Mheshimiwa Spika, teknolojia yetu haina kasoro. Mtumishi mmoja aliingiza ushirikina katika chumba cha mitambo, akategemea mawe badala ya kazi aliyolipwa kuifanya. Wananchi wamelijua hili kabla yetu, wameshacheka na kumaliza. Tumewatuma walinzi. Mawe yamekutwa."

Wabunge wakagonga meza. Picha ya vijiwe ikatoka kwenye kila gazeti, vimepangwa juu ya kabati kwa adabu, kama vile mama alivyoagiza. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeuliza tena nani anawapokelea wafu mbolea. Mwizi alikuwa amekwama ukutani, na mtu akamtobolea mlango kwa ajili ya kuchekesha. Jekoniya akasimamishwa kazi.

Jumapili alasiri walikuja wote wawili, Jekoniya na mkewe Mama Anesu, wakakaa kwenye kochi la Zivanai. Jekoniya alianza kama kawaida, akafunua bakuli la karanga bila kukaribishwa, akasema ni mbaya. Kisha akaliweka chini.

"Kesho nasimama mbele ya kamati."

"Nimesikia."

"Vijiwe niliweka, siwezi kukana. Ila wanaposema nilivitegemea nikaacha kazi, neno hilo wamelitoa kwako. Hawana jingine, nimeuliza. Wamelichapa kwenye karatasi, limekaa mezani kama ushahidi." Alitabasamu. "Sasa ile kamati ni wazee wa Gutu na Buhera watupu, walioshika mila. Wewe njoo tu usimame useme, Mugoti ni mimi, na huyu ni sahwira wangu. Basi, usiongeze. Hakuna mzee wa kule atakayepokea neno la mtani kuwa ushahidi. Atajiaibisha. Wataliondoa mezani, na mimi nitapata nafasi ya kusema juu ya wale wafu."

Zivanai aliona kichwani ofisi ya elimu, akaona barua ya uhamisho kwenda bonde la Zambezi kufundisha chini ya mti, au pasiwe na barua kabisa bali watu wawili wenye miwani myeusi kwenye geti. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli na simcheki nayo. Lakini haikuwa hofu peke yake. Mugoti akioneshwa sura angekuwa mwalimu wa jiografia mwenye tai ya kahawia, na nani anacheka na mwalimu wa jiografia?

"Nitakuja," alisema. "Nitakuja na kanzu nyeupe na fimbo. Nitaitakasa kamati nzima."

Jekoniya alicheka. Mama Anesu hakucheka. Alikuwa mwanamke mnyamavu, mshona nguo, na katika miaka yote hiyo alikuwa amemrushia Zivanai maji ya vyombo na maganda ya machungwa, kama inavyompasa mke wa mtani. Sasa alishika mikono yake magotini.

"Baba," alisema, "tunaomba jibu lisilo la utani."

Enesi alisimama mlangoni na sinia la chai, akangoja naye.

"Nitakuja," Zivanai alisema.

Asubuhi alivaa suti. Enesi alimpigia pasi shati. Alitoka akafika shuleni, akajiambia atafundisha kipindi cha kwanza tu ili asikose kabisa, na baada ya cha kwanza akajiambia kamati hizi hazianzi kwa wakati. Mhere walikuwa ukumbini wakiandika kila kinachotokea, na wasomaji walikuwa wamejazana chini wakimwita.

"Mugoti uko wapi? Ni kesi yako hii."

"Mugoti leo kameza mwiko?"

"Tunakungoja, usituangushe."

Alijizuia. Lazima nimpe haki yake, alijizuia vipindi viwili vizima. Kisha Mhere wakaandika: mwenyekiti amemuuliza fundi kama ana shahidi. Fundi amegeuka kuangalia mlango. Amesema shahidi wake yuko njiani.

Zivanai aliyasoma akiwa amesimama karibu na ubao, kidato cha pili wakichora mito. Kwanza alinyoosha mkono kuchukua mkoba wake. Halafu, kabla mkono haujaufikia mkoba, sentensi ikaja. Ilikuja nzima, bila kunolewa, nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, na mtu ambaye hajawahi kujiwa na kitu cha namna hiyo hataelewa jinsi kilivyo kigumu kukitupa. Mikono yake ikaiandika.

"Fundi anasema shahidi wake yuko njiani. Jamani asipitishwe mbele ya kamera, tutaambiwa naye ni marehemu."

Ukumbini, walisema waliokuwapo, simu ya mjumbe mmoja wa kamati ilitetemeka mezani. Akaisoma, akaziba mdomo, akampa jirani yake. Ikazunguka meza yote mpaka kwa mwenyekiti. Wale wazee wa Gutu na Buhera wakacheka mpaka wakatoa leso. Jekoniya, ambaye simu yake ilikuwa imechukuliwa mlangoni, aliwaangalia wakicheka, akatabasamu nao kwa heshima, bila kujua ni nini. Kisha mwenyekiti akasema muda umekwisha.

Sentensi ile ilipata pilipili ya Ijumaa, na mwisho wa mwaka ikawa Kali ya Mwaka. Jekoniya alifukuzwa kazi. Waziri akapewa wizara kubwa zaidi. Familia ikatoka kwenye nyumba ya wizara, ikaenda kukaa Gutu kwa mama yake Jekoniya. Zivanai alimtumia Jekoniya ujumbe: "Nyani amerudi porini, mahindi yajihadhari." Jibu lilikuja siku hiyohiyo. "Asante sana kwa ujumbe wako. Tumefika salama."

"Amejibu nini?" Enesi aliuliza.

"Amefika salama."

Enesi alichukua simu akasoma mwenyewe. "Asante sana kwa ujumbe wako," akarudia polepole, kisha akamrudishia.

Kule Gutu habari za vijiwe zilikuwa zimetangulia kufika. Yule mama alikuwa akienda dukani, vijana wanaweka kokoto kwenye mizani kabla hajataka sukari, wanamwambia bibi ombea. Mlimani kwao nabii alimkalisha nyuma, kwa kuwa kanisa lilikuwa limetukanwa kwa ajili yake. Hakumlaumu mwanawe wala mtu mwingine. Aliacha tu kwenda dukani, baadaye akaacha kwenda mlimani, na ilipofika baridi ya mwezi wa sita akafariki.

Zivanai aliomba ruhusa kazini siku aliyosikia. Alikuwa na huzuni ya kweli, yule mama alimlea nusu. Na chini ya huzuni alikuwa na furaha kidogo, tusimfiche. Kwani msiba una mambo yake. Mtani akifika msibani, yote ya nyuma huwekwa kando. Ataingia kwa matusi, watu watacheka, mfiwa atacheka, na kilichokatika kitaungwa bila mtu kuomba radhi. Ndiyo kazi ya utani. Njia nzima alikuwa akitunga.

Enesi alikataa kufuatana naye. "Nitaenda peke yangu wiki ijayo," alisema, "kama mtu wa kawaida."

Alifika uani wakati wa mchana, watu wamejaa, wanawake wakisonga sadza kwenye masufuria makubwa. Akatupa mkoba chini, akashika kichwa.

"Nani kaniulia mpenzi wangu?" alilia kwa sauti ya juu. "Nyani nyie, mmeshindwa kumtunza mwanamke mmoja? Nilimwambia aolewe na mimi, akachagua ukoo wa wezi wa mahindi. Haya, nani aliyempikia mara ya mwisho? Aje nimnuse mikono."

Hapo wanawake hupasuka kwa kicheko, mmoja hukuchapa na mwiko, mwingine hukumwagia maji. Siku hiyo hakuna aliyeinua mwiko. Hawakuwa wamenuna. Walimwangalia kwa upole, kama unavyomwangalia mtu anayezungumza lugha ya mbali. Kisha Jekoniya akainuka miongoni mwa wanaume, amekonda, akaja mpaka mbele yake, akainama kidogo, akakutanisha viganja, akapiga makofi ya polepole, yale ya kumpokea mgeni wa heshima.

"Shumba," alisema, kwa jina la ukoo wa simba, kama wasemavyo na wakwe. "Tunashukuru sana kwa kuja. Tunajua mna kazi nyingi mjini."

"Jeko. Acha ujinga, nyani wewe."

"Mleteeni mwalimu kiti," Jekoniya akasema.

Kiti kikaletwa, kile chenye mto. Zivanai hakukikalia. Alikwenda moja kwa moja ndani kuchukua nguo ya marehemu, kwa kuwa mtani ndiye huivaa na kumwigiza kwa mara ya mwisho, na hiyo hainyang'anywi. Kitanda kilikuwa kitupu. Akiwa bado anatafuta alisikia uani pakilipuka kwa vicheko. Alitoka. Mzee mmoja wa ng'ambo ya mto, Chinembiri, alikuwa amevaa ile kanzu nyeupe na kitambaa cha marehemu, anatembea kwa mwendo wake wa kuburuta mguu, anakohoa kikohozi chake, anamgombeza nabii kwa kuchelewa. Alikuwa hodari. Watu walishikana mabega kwa kucheka na kulia. Jekoniya alicheka mpaka akachuchumaa. Zivanai naye alijikuta anacheka, kisha akaona hakuna anayemwangalia.

Walipobeba jeneza kwenda kaburini alikimbia akatangulia, akajilaza katikati ya njia, chali, na suti yake, mikono kifuani. Mtani akilala njiani jeneza halipiti mpaka abembelezwe, atukanwe, ahongwe. Wabebaji walisimama. Alifumba macho akangoja. Alisikia kuku tu.

"Mgeni ameteleza," ilisema sauti ya Jekoniya. "Msaidieni."

Vijana wawili wenye nguvu walimwinua kwa uangalifu, kila mmoja kwapa lake. Mmoja alimpangusa vumbi mgongoni. Mwingine aliokota miwani yake, akaifuta kwa shati lake mwenyewe, akamvalisha.

"Pole sana, mwalimu," alisema. "Njia yetu hii ni mbaya."

Jeneza likapita.

Baada ya maziko alipewa chakula kabla ya wazee. Mama Anesu aliileta sahani mwenyewe, akapiga magoti, akamshikia maji anawe. Juu ya sadza walikuwa wameweka firigisi.

"Mama Anesu," Zivanai alisema kwa sauti ya chini. "Nirushie hiyo sahani. Niite hata mbwa. Nakuomba."

"Tungewezaje, mwalimu?" alisema yule mwanamke, macho chini. "Wewe ni mgeni wetu."

Akala. Firigisi aliila ya mwisho, wote wakimtazama kwa heshima mpaka alipomaliza.

Jua lilipoanza kushuka Jekoniya alichukua mkoba wa Zivanai akamsindikiza mpaka barabarani. Mtani hasindikizwi, hufukuzwa kwa kurushiwa magunzi. Walitembea bega kwa bega, na kila Zivanai alipofungua mdomo Jekoniya alisubiri kwa adabu amalize. Alisema alikuwa akienda kwenye kamati. Alisema aliogopa. Akasema pia kuhusu sentensi ile, kwamba ilikuja yenyewe. Jekoniya aliitikia kila neno kwa "ndiyo, Shumba", kama vile anasimuliwa habari za mvua za wilaya nyingine.

"Nitukane," Zivanai alisema walipofika. "Neno moja."

Jekoniya alimpa mkoba, akampa mkono, na kwa mkono wa kushoto akashika kiwiko cha wa kulia, kama anavyosalimiwa mtu mkubwa.

"Utusalimie nyumbani, Bwana Gwatidzo. Siku mkipata nafasi, karibuni."

Kisha akageuka akarudi, kwanza kwa kutembea, halafu kwa kukimbia, kwa sababu kule uani Chinembiri alikuwa ameanza tena na watu walikuwa wakicheka.